Buthaina Aambiwa Achague

Buthaina aliyaweza mengi, lakini kuchagua kulimshinda. Mbele ya jozi mbili za viatu angesimama mpaka mwenye duka aanze kufagia miguuni pake. Kwa muuza mikate ya falafeli alizoea kusema, "Nipe kama wa huyu aliyetangulia," na hivyo miaka yote alikula mikate ya chaguo la watu wengine, mingine imejaa pilipili, na pilipili haiwezi. Mtaani kwetu mjini Irbid tulimcheka sana. Tulimwonea, maana kuchagua ni kazi kama kazi nyingine, na yeye hakuna aliyewahi kumpa aijaribu.

Alipokuwa na miaka kumi na minane, zilizomchagulia ni alama za Tawjihi. Mtihani ule wa kumaliza sekondari ndio unaoamua. Matokeo yakitoka jamaa wote wanajaa sebuleni, wanafungua orodha ya vyuo na kutafuta alama za mtoto zimeangukia wapi, na mtoto mwenyewe anapewa kazi ya kugawa vitamutamu vya baklawa. Za Buthaina ziliangukia kemia. Mama yake, Inshirah, aliigonga orodha kwa kidole, akasema, "Kemia," na mjadala ukafungwa. Akasoma miaka minne, akafaulu, na siku ya mahafali mama akamnunulia koti jeupe jipya la kuendea kazini. Kazi yenyewe haikutokea, si Irbid, si Amman. Buthaina akaenda kuuza vifuniko vya simu katika duka la binamu yake, na koti likatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake. Lilining'inia pale miaka saba, lebo bado ipo shingoni.

Majira ya baridi ya mwaka huu ninaousimulia, akapata nafasi katika kituo kimoja cha mafunzo ya kompyuta, ghorofani, juu ya duka la mapazia. Mafunzo yalikuwa ya bure, ya miezi kumi, kwa watu ambao hawajatimiza miaka thelathini. Yeye alikuwa anaitimiza mwezi wa Mei. Kulikuwa na madarasa mawili. Darasa la mbele, kama wanafunzi walivyoliita, lilifundisha programu za kuchorea kurasa: kile anachokiona mtu akifungua simu, rangi zake, maandishi yake, mahali pa kubonyeza. Darasa la nyuma lilifundisha zana za kuendesha yasiyoonekana: seva inayopokea ombi la mtu, hifadhidata inayotunza majina na vipimo, amri zinazosema hiki kipite na kile kirudi. Wiki mbili za mwanzo kila mtu aliyaonja yote mawili. Kisha, Alhamisi kabla ya saa sita mchana, ilikuwa lazima aandike moja. Asiyeandika, kiti chake kinakwenda kwa wa kwanza katika orodha ya wanaosubiri, na mtu hapokelewi mara mbili.

Ungemwambia Buthaina abebe gunia la mchele kichwani mpaka Ajloun, angelibeba. Hili la kuandika neno moja lilimnyima hamu ya chakula.

Kilichomvuruga zaidi ni kwamba yote mawili aliyaweza. Kwa mazoezi, kila mwanafunzi alitakiwa kutafuta shughuli ya kweli ya mtu wa kweli na kuitengenezea ukurasa wa oda. Yeye alichukua ya mama yake. Inshirah alikuwa fundi wa kutarizi magauni ya harusi, mshono mmoja mmoja mdogo wa msalaba, na oda zilimfikia kwa sauti kwenye simu, wateja wakitaja vipimo huku watoto wanalia pembeni. Kiangazi kilichopita walikuja maharusi wawili, binamu, wa ukoo mmoja, wote wakiitwa Lamis, na vipimo vyao vikachanganyika. Inshirah alifumua kifua kizima cha gauni, kazi ya wiki tano, na alipofumua alilia. Buthaina alikuwa amekaa karibu naye akiokota nyuzi, na siku ile hakuisahau.

Jumatatu alimfuata mama yake jikoni, akamkuta anachambua dengu.

"Mama, wewe unaonaje? Mbele au nyuma?"

"Sijui, mwanangu."

"Hujui, au hutaki kusema?"

"Nimekwambia sijui. Nipe hiyo sufuria."

Hapo kichwa kilianza kumzunguka. Inshirah alikuwa na maoni juu ya chumvi ya jirani, juu ya mawaziri, juu ya jina la mtoto wa mtu asiyemjua kabisa. Mwanamke kama huyo akisema hajui, kuna jambo. Buthaina aliona mama amemchoka, na nani asingemchoka binti anayekaribia miaka thelathini na bado anatafuta darasa la kukaa?

Aliyekuwa na la kusema ni shangazi Fikriya, dada wa marehemu baba yake, aliyekaa ghorofa ya juu na kushuka kila alasiri kunywa chai ya majani ya maramia karibu na jiko la kuotea moto.

"Haya, nieleze mimi," alisema shangazi. "Huko mbele kuna nini?"

"Kuna rangi, picha, vitufe. Mtu anavyouona ukurasa."

"Na nyuma?"

"Nyuma hakuna kinachoonekana, shangazi."

"Astaghfirullah! Miezi kumi unasoma kitu kisichoonekana? Wakija wachumba tutawaonyesha nini?"

"Lakini bila ya nyuma, ya mbele hayafanyi kazi."

"Basi soma ya nyuma."

"Lakini wanasema kazi za mbele watu wanazielewa upesi, unawaonyesha tu."

"Basi soma ya mbele! Mbona unanizungusha? Swali istikhara, mwombe Mola, utulie. Kisha fungua macho. Litakalokuwa jepesi ndilo lako. Litakalogoma, liache, umeshaepushwa nalo."

Buthaina akatawadha, akaswali rakaa mbili, akaomba dua yenyewe kwa unyenyekevu wa kweli: kama jambo lina kheri nami lirahisishe, kama lina shari liepushe. Akainuka moyo ukiwa mwepesi. Alikuwa amempata wa kumchagulia ambaye hakosei, na hakuna wa kumlaumu kwa hilo. Kosa lilikuwa katika zile nyongeza za shangazi kuhusu wepesi na kugoma.

Jumanne akafungua programu ya kuchorea. Siku zote alitumia kompyuta ya kituo. Siku hiyo alikuwa nyumbani, kwenye kompyuta yake ya mtumba, na programu ameiweka mwenyewe. Akachora uso wa duka la mama yake: rangi nyekundu ya uzi wa kutarizia, picha ya pindo la gauni, na juu yake akaandika kwa Kiarabu, Nyumba ya Inshirah. Herufi zetu hushikana mikono na hutembea kutoka kulia. Hizi zilisimama mbalimbali, kila moja na lwake, zimepangana kutoka kushoto kama watu waliogombana msibani. Jina la mama yake halikusomeka. Akafuta, akaandika tena. Zikagoma vilevile.

Akafunga kompyuta taratibu. "Basi," alijiambia. "Mbele nimeepushwa nako." Aliumia, maana ile rangi nyekundu ilikuwa imemkaa vizuri sana, lakini angalau alikuwa amejibiwa, na usiku huo alilala vizuri.

Jumatano asubuhi akageukia ya nyuma kwa imani yote. Akaiwasha seva yake, ikawaka. Akabadilisha jambo dogo, akafunga dirisha, akaiwasha tena. Kompyuta ikamjibu kwa maandishi mekundu kwamba mlango wa kuingilia seva anaotaka kuutumia umeshashikwa. Akajaribu tena. Umeshikwa. Akasema bismillahi kwa sauti, akajaribu mara ya tatu. Umeshikwa.

Shangazi Fikriya, aliyekuwa ameshuka mapema siku hiyo kwa sababu ya umbea, alisimama nyuma yake na bilauri mkononi.

"Inasemaje?"

"Inasema mlango umeshikwa."

"Na jana ile nyingine?"

"Ilikataa kuandika jina la mama."

Shangazi akaweka bilauri chini, akapiga makofi mara moja kwa masikitiko. "Inshirah! Njoo umwone binti yako. Sasa hana mbele wala nyuma!" Kisha akamwinamia Buthaina kwa huruma. "Usisikitike, mwanangu. Labda jibu ni ndoa."

Inshirah alisikia kutoka chumbani kwake cha kushonea, na hakujibu. Hata kwa hilo la ndoa hakujibu. Buthaina akavaa koti lake la baridi, akabeba kompyuta kifuani, akaenda kituoni akitembea bila kuona njia. Alikuwa ameomba aongozwe, akakuta njia zote mbili zimefungwa. Alijiuliza amefanya dhambi gani.

Ustadhi Muayad, mwalimu wao, alikuwa anakula mkate wenye viungo vya zaatari mezani. Alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na subira, amefanya kazi hizi tangu wanafunzi wake wengine hawajaanza shule. Alimsikiliza Buthaina mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza, akapangusa vidole, akavuta kompyuta.

"Kwa hiyo umeepushwa na vyote viwili?"

"Ndiyo, ustadhi."

"Kwa dalili ya makosa ya kompyuta?"

"Ndiyo."

"Binti yangu, nikichukulia kila kosa la kompyuta kuwa jibu la istikhara, basi mimi naambiwa niache kazi hii mara arobaini kwa siku, miaka kumi na mitano sasa. Na nina watoto wanne." Akafungua programu ya kuchorea, akaingia mahali pa mipangilio, akabonyeza. Herufi zikashikana, zikaanza kulia, Nyumba ya Inshirah, safi kabisa. "Umesahau kuiambia kwamba sisi ni Waarabu. Kituoni tulishaiambia, kwako hukuiambia. Haya, na hiyo nyingine?"

Akaandika amri mbili, akatazama, akaanza kutikisika mabega kwa kicheko.

"Unajua nani kaushika mlango?"

"Nani?"

"Wewe. Asubuhi umeiwasha seva, umefunga dirisha hujaizima. Mpaka sasa iko huko nyuma inakwenda. Umekalia kiti, kisha unalia hakuna kiti."

Buthaina angefurahi, lakini hakufurahi. Alirudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyotoka, maana sasa vyote viwili vilikuwa vyepesi. Kama kugoma hakukuwa jibu, basi hata wepesi si jibu, na kesho ndiyo Alhamisi.

Alhamisi saa nne alikuja mteja, Umm Yazan, kuchukua gauni la binti yake. Buthaina alileta kahawa, akabaki amesimama na sinia. Inshirah alilitandaza gauni kwenye kochi: jeusi kama ilivyo desturi, kifua kimejaa nakshi nyekundu na kijani. Umm Yazan alisifu mbele kwa maneno matamu, mashallah nyingi, kisha akafanya wanalofanya wanawake wote wanaojua kutarizi. Akashika pindo, akaligeuza, akatazama nyuma ya kitambaa. Huko ndiko fundi anakojulikana: kama nyuzi zimeruka ovyo, kama mafundo yamejaa, au kama nyuma pamenyooka sawasawa na mbele. Ilimchukua muda. Buthaina alimtupia jicho mama yake, akaona amekamata ukingo wa kochi, haongei, hapumui vizuri, mwanamke wa miaka sitini anayeogopa kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

"Mikono yako isipatwe na ubaya, Umm Rakan," Umm Yazan alisema hatimaye. Umm Rakan, yaani mama wa Rakan, ndilo jina la heshima la Inshirah, kwa mwanawe wa kwanza aliye Kuwait. Inshirah akashusha pumzi, akacheka, akaanza tena kuwa na maoni juu ya kila kitu.

Mteja alipotoka, ilikuwa imekaribia saa tano. Buthaina akapiga magoti kando ya mama yake.

"Mama, nakuomba. Nichagulie. Neno moja tu."

"Nilikuchagulia mara moja," alisema Inshirah. "Nenda katazame nyuma ya mlango wako."

Buthaina hakuhitaji kwenda. Lile koti alilijua mpaka vifungo vyake.

"Hizo kurasa unazotengeneza, si za kwangu?" mama akasema, sauti imelainika. "Mbona mimi sijaziona? Nionyeshe."

Buthaina akamwonyesha ukurasa wa mbele kwenye simu. Inshirah akavaa miwani, akasoma jina lake, akatabasamu, akabonyeza rangi moja, akabonyeza nyingine. "Inapendeza. Lakini hii nyekundu ni ya mafundi wa Ramallah, ya kwangu ina giza kidogo."

"Nitaibadilisha," alisema Buthaina, na ilikuwa kweli, angeibadilisha, wala haikumuuma.

"Na nyuma yake?"

"Nyuma hutaelewa, mama. Ni maandishi tu."

"Wewe nionyeshe. Nitauliza."

Akafungua kompyuta. Akamwonyesha jedwali la wateja, vipimo vya kila mmoja, tarehe ya kila gauni. Mama akaweka kidole kwenye kioo, akateremka nacho pole pole, mstari kwa mstari. Buthaina akataka kumwambia asitazame pale, pale hapajakaa vizuri bado, pale kuna sehemu aliyoifanya kwa haraka.

"Hawa Lamis wawili," mama akauliza. "Hapa nao wako wawili. Wakija tena kama wale?"

"Hawawezi kuchanganyika. Kila mmoja ana namba yake, na jina la mama yake. Na kipimo cha mkono kikikosekana, oda hairuhusiwi kuingia kabisa. Inarudi. Nimejaribu kuidanganya kwa njia sita, imekataa." Alisikia sauti yake imekimbia mno. "Hilo hakuna aliyeniagiza."

Inshirah aliendelea kuteremsha kidole, na Buthaina alikuwa ameshika ukingo wa kochi, hapumui vizuri.

Akautazama mkono wake, umekamata kochi kama wa mama yake mbele ya Umm Yazan. Kisha akasimama.

"Saa ngapi?"

"Tano na nusu."

Alitoka mbio na viatu vya nyumbani. Barabara ya kituoni ilikuwa imejaa maji ya mvua na magari ya Alhamisi, na dereva mmoja alimtukania ukoo mzima, naye hakugeuka. Alipofika ilibaki robo saa. Karani, binti mmoja aitwaye Hadil, akafungua ukurasa wa usajili, akaandika jina lake, akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikasimama.

"Umekwama," Hadil alisema. Akabonyeza tena. "Wallahi tangu asubuhi haukukwama kwa mtu. Kwako tu. Dada, isije ikawa si riziki yako hii."

Litakalogoma, liache. Buthaina aliisikia sauti ya shangazi kama yuko chumbani. Kisha akamkumbuka ustadhi Muayad na mara zake arobaini kwa siku, na akaanza kucheka, peke yake, mpaka Hadil akasogeza kiti nyuma kidogo.

"Nipe karatasi na kalamu," Buthaina alisema.

"Za nini?"

"Naandika kwa mkono, wewe unatia muhuri na saa. Ukurasa wenu ukipona utaujaza."

Akaandika jina lake kamili, na chini yake, darasa la nyuma. Mwandiko ulikuwa mbaya, lakini maneno yalisomeka. Hadil akagonga muhuri: saa sita kasoro dakika nane.

Aliporudi nyumbani alipitiliza chumbani kubadilisha soksi zilizolowa. Alisukuma mlango kama siku zote, nao ukaenda mpaka ukagonga ukuta. Miaka saba ulikuwa unaishia njiani, kwenye koti. Msumari ulikuwa mtupu.

Akamkuta mama yake kwenye kochi, koti mapajani. Lebo ilikuwa imekatwa. Mikono ya koti ilikuwa imefumuliwa, mgongo wake umelazwa bapa, na kwenye pembe moja ya kitambaa cheupe mishono ya kwanza ya uzi mwekundu ilikuwa imeanza.

"Mama, unafanya nini?"

"Mfuko wa kompyuta yako. Unaibeba kifuani kama mkate wa moto, aibu." Hakuinua macho. "Umeandika lipi?"

"La nyuma."

Sindano ikasimama. Inshirah akacheka kidogo, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu.

"Mimi ningekuandikia la mbele," alisema. "Siku zote hizi lilikuwa kwenye ulimi. Nilikuwa nauuma ulimi huu mpaka unaniuma wenyewe."

Akageuza kitambaa, akatazama nyuma ya mishono yake, akaendelea kushona.